Mfalme Aliyeruka Ukuta: Kusoma Kitabu cha Mutesa Tukiwa Makindye

Kitabu kinaanza na milio ya bunduki. Ni alfajiri ya tarehe 24 Mei 1966. Askari wa serikali wamelizunguka Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo, na mwenye jumba ameamshwa na risasi. Mapigano yanaendelea kwa saa nyingi, mvua kubwa inanyesha, na katika mvua ile Kabaka wa Buganda, ambaye mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa bado Rais wa Uganda, anapanda ukuta wa nyumba yake mwenyewe na kuruka upande wa pili. Barabarani anasimamisha teksi.

Wafalme wakiandika habari zao huanza na mababu. Mutesa II alikuwa nao wa kutosha, maana Buganda wanahesabu Makabaka 34 kabla yake. Lakini katika Desecration of My Kingdom, kitabu alichokitoa London mwaka 1967, mababu wanangoja zamu yao. Kwanza anakimbia. Sisi tulikisoma hapa Makindye kwa fotokopi, mmoja akisoma Kiingereza na mwingine akigeuza kwa Kiswahili papo hapo, na pale kwenye teksi tulikwama karibu nusu saa. Kila mtu alikuwa na teksi yake ya kusimulia, au lori lake, au mtumbwi wake. Mama mmoja wa Uvira akauliza, "Kama mfalme naye anaruka ukuta, sisi njo banani?"

Lubiri si mbali. Mzunguko wa Kibuye uko ndani ya Makindye, na kutoka hapo unafika ukuta ule kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Wafanyakazi wa mashirika wanaupita kila asubuhi ndani ya gari, na wengi wao, nimewauliza, hawajui ni ukuta gani. Walioko Nakivale, Kyangwali na Kyaka hawauoni kabisa. Basi hii ni kwa wote hao: kitabu chenyewe, uzuri wake, na mahali kinaponiudhi.

Kwanza sifa. Sura ile ya kukimbia imeandikwa na mtu asiyetaka kuonewa huruma. Mutesa halii. Anaeleza kilichotokea, nani alikuwa naye, njaa, miguu, kujificha, na msomaji ndiye anayebaki na kazi ya kuogopa. Njia yake ilipita porini hadi Kongo, halafu Burundi, na kutoka huko akasafiri kwenda Uingereza. Papa mmoja wa Fizi alichukua ramani akaipitisha kidole, akaanza kucheka. Ni barabara yetu, ila imegeuzwa. Sisi tulitoka kule tukaja Kampala kutafuta usalama, yeye alitoka Kampala akautafuta kule! Na tukumbuke Kongo ya 1966 ilikuwa Kongo gani: uasi wa 1964 ulikuwa haujapoa, Mobutu ana miezi tu tangu achukue nchi.

Na Burundi je? Hapa Warundi wa kikundi chetu walinyamaza kidogo, kwa sababu Burundi aliyoikuta Mutesa ilikuwa nayo ufalme wa kikatiba, katika mwaka wake wa mwisho. Nchi ile ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 chini ya Mwami Mwambutsa IV, kukiwa na bunge na waziri mkuu. Mtoto wake, Louis Rwagasore, ambaye angeweza kuufanya mpango ule usimame, alikuwa ameuawa Oktoba 1961. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965 Mwambutsa akaenda Ulaya na kutaka kutawala akiwa huko. Julai 1966 mwanawe mwingine, kijana wa miaka 18, akamwondoa na kuwa Ntare V. Novemba 1966, huyo Ntare akiwa safarini Kinshasa, waziri mkuu wake Micombero akafuta ufalme. Miaka sita baadaye, mwaka 1972, Ntare alikuja hapa Uganda, Amin akamkabidhi kwa serikali ya Burundi, na akauawa Gitega mwezi wa Aprili. Kwa hiyo wafalme wawili wa kikatiba walipishana katika barabara moja, kila mmoja akikimbilia nchi ya mwenzake, na hakuna aliyepona. Hayo ya 1972 hayamo kitabuni, yasingeweza kuwamo. Lakini ukisoma Mutesa na Mrundi pembeni yako, unayasikia.

Sasa jina la kitabu. Kwa Kiswahili tuliligeuza Kunajisiwa kwa Ufalme Wangu, na tukabishana juu yake jioni nzima. Kunajisi ni neno la madhabahu. Kinachonajisiwa ni kaburi, msikiti, kanisa, mwili wa mtu. Katiba hainajisiwi. Katiba inavunjwa, na ikivunjwa unakwenda mahakamani au unakwenda kwa wapiga kura. Halafu lile neno "wangu". Ndani ya kitabu Mutesa anajitetea kama mfalme wa kikatiba: walivunja mkataba wa 1962, walinyang'anya madaraka ya halali, waliingiza jeshi pasipo haki. Kwenye jalada anasema kama mfalme wa ngoma: wamechafua kitu kitakatifu, na kitu hicho ni changu. Kuna Kabaka wa karatasi na Kabaka wa ngoma, wote wawili wanaandika kwa kalamu moja, na kwa maoni yangu mwandishi hakuwahi kuwakalisha pamoja wazungumze. Hapo ndipo penye udhaifu wa kitabu, na hapo ndipo penye faida yake kwetu.

Huyu Kabaka wa karatasi alitoka wapi? Wengi wetu tulidhani ni jambo la kale. Kumbe ni la 1955. Tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alimkamata Mutesa na kumpakia ndege siku hiyo hiyo kwenda Uingereza. Kisa: waziri mmoja wa London alikuwa ametaja shirikisho la Afrika Mashariki, Baganda wakaona wanataka kufungwa kamba moja na walowezi wa Kenya, na Mutesa akakataa kunyenyekea. Watu walimlilia miaka karibu miwili. Oktoba 1955 akarudi, lakini kwa masharti mapya yaliyojadiliwa Namirembe: Kabaka atakaa kwenye kiti, mawaziri wataendesha serikali, na mawaziri watawajibika kwa Lukiiko, baraza la Buganda, ambalo wajumbe wake wengi watachaguliwa. Katikkiro, waziri mkuu wa Mengo, akawa anachaguliwa na Lukiiko. Yaani gavana ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote alimfundisha Kabaka demokrasia kwa kumfukuza nchini. Mutesa anausimulia uchungu wa uhamisho ule vizuri. Mabadiliko ya namna ya kutawala anayapita haraka, kama mtu anayesaini fomu ili afunguliwe mlango.

Kuna jambo jingine linaloeleza uharaka huo, nalo ni msomaji aliyelengwa. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, London, na mtu aliyesoma Cambridge na kupewa cheo cha heshima cha kapteni katika Grenadier Guards. Kinaongea na Waingereza. Sasa Waingereza wana mazoea ya kubuni falme ndogo za Ulaya kwa ajili ya hadithi. Maarufu zaidi ni Ruritania, katika riwaya ya Anthony Hope ya mwaka 1894, The Prisoner of Zenda: mfalme analishwa dawa ya usingizi kabla ya siku ya kutawazwa, na Mwingereza mmoja anayefanana naye anavaa taji badala yake. Kuna mapanga, kasri, mapenzi. Serikali huioni. Unafunga kitabu hujui nani anakusanya kodi wala nani alipigiwa kura. Mutesa alijua, naamini, kwamba msomaji wake amelelewa na falme za namna hiyo, na mahali pengine anampa alichokizoea: mfalme kijana, heshima, usaliti, kukimbia usiku. Inasomeka kwa utamu sana. Lakini Buganda haikuwa Ruritania. Ilikuwa na wapangaji, wakulima wa kahawa, wageni, na majirani waliokuwa wakiidai ardhi.

Na majirani ndio wanaonileta kwenye sura ambayo ningependa kila mtu aisome mara mbili, ile ya masaza yaliyopotea.

Habari yenyewe ni hii, kwa wasioijua. Katika miaka ya 1890 Waingereza walipigana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Baganda wakawasaidia. Malipo yakawa ardhi: sehemu za Bunyoro zikakatwa na kuwekwa chini ya Buganda, pamoja na mahali yalipo makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Kwa zaidi ya miaka 60 Wanyoro wa huko waliandika barua, walituma wajumbe, waligoma. Walitawaliwa na machifu wa Kiganda, kwa Kiganda. Uhuru ulipofika tarehe 9 Oktoba 1962, jambo hili liliachwa kiporo: iliandikwa katika katiba kwamba baada ya muda kutakuwa na kura ya maoni katika masaza mawili, Buyaga na Bugangaizi.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1963, Mutesa akawa Rais wa Uganda. Urais wa heshima, kwani mwenye serikali alikuwa Waziri Mkuu Milton Obote. Tazama mtego. Mtu yule yule ni Kabaka wa Buganda, ambaye ngoma inamwambia asipoteze hata shamba moja, na ni Rais wa nchi nzima, Wanyoro wakiwemo, ambaye karatasi inamwambia atie sahihi kile wananchi watakachoamua. Kabla ya kura, wanajeshi wa zamani wa Kiganda walipelekwa kuishi Ndaiga, ndani ya eneo lile, ili wapige kura wakati ukifika. Haikufaa kitu, kwa sababu walioruhusiwa kupiga kura ni wale tu waliokuwa kwenye daftari la 1962. Tarehe 4 Novemba 1964 watu wa masaza yale wakachagua kurudi Bunyoro. Rais akaletewa karatasi. Akakataa kutia sahihi, Obote akaitia yeye.

Katika kitabu Mutesa anaitetea Buganda, na utetezi wake una heshima yake. Mfalme aliyeapa kulinda nchi hawezi kuikata kwa kalamu, ndivyo anavyoliona. Sawa. Ila mimi mkosoaji nina neno. Kama kunajisiwa ni kukanyagwa kwa mahali patakatifu pa watu, basi Wanyoro walikuwa na kitabu chao cha kuandika, chenye jina lile lile, miaka 60 kabla. Wafalme wao walikuwa wamelala katika ardhi ya bwana mwingine. Mutesa, ambaye ana jicho kali kwa kila dharau aliyofanyiwa yeye, jicho hilo linafumba akifika Buyaga. Na kwa kufumba jicho anaharibu hoja yake kubwa. Mwaka 1966 anasema: katiba ilikuwa ngao yangu, wakaivunja. Mwaka 1964 katiba ile ile ilimwomba sahihi moja tu, kwa jambo moja lililoandikwa waziwazi, na ngoma ikajibu hapana.

Tulipofika hapo ugomvi ulizuka. Kijana mmoja wa Goma alisema ninamwonea marehemu, kwamba hakuna mfalme duniani ambaye angetia sahihi. Labda. Lakini basi asingeukubali urais. Wenye viti viwili lazima waseme ni kipi wataondoka nacho moto ukiwaka.

Nisieleweke kwamba aliyemwangusha alikuwa na haki. Hapana kabisa. Yaliyofanywa mwaka 1966 yalikuwa mabaya kuliko sahihi iliyokosekana. Tarehe 4 Februari mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akataka uchunguzi juu ya dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo, akimtaja Kanali Idi Amin. Wakongo wasomaji, mmesikia? Dhahabu ya kwetu ilikuwa tayari inaangusha serikali za watu mwaka ule. Bunge likaunga mkono. Obote akajibu kwa kuwakamata mawaziri wake watano, akasimamisha katiba, akajitwalia madaraka ya Rais. Aprili wabunge wakapitisha katiba mpya ambayo nakala zake waliambiwa watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Tarehe 20 Mei Lukiiko ikapitisha azimio la kuitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda kabla mwezi haujaisha. Siku nne baadaye Amin alikuwa mbele ya ukuta. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Katika sehemu hii Mutesa yuko imara, kwa sababu hapa Kabaka wa karatasi anasema kweli: waliokuwa na bunduki walichana karatasi, na karatasi ikishachanwa hakuna anayebaki salama, si mfalme, si mkulima. Miaka michache baadaye hapa hapa Makindye palikuwa na jela ya polisi wa jeshi, ambayo wazee wa Kampala mpaka leo hawapendi kuitaja.

Ardhi naipitia kwa ufupi, ingawa inastahili makala yake. Mkataba wa 1900 uliigawa Buganda kwa maili za mraba, ndiyo asili ya neno mailo. Kabaka peke yake, wakati huo Daudi Chwa, mtoto mdogo, alitengewa maili 350. Machifu na wakubwa wakagawana maelfu. Wakulima wakaamka wamekuwa wapangaji wenye kibanja, wakilipa busuulu. Sheria ya 1928 ndiyo iliyozuia wenye mailo kupandisha kodi hiyo walivyotaka. Sisi wa Bushi tunaelewa haraka, kwetu kulikuwa na kalinzi, unampa mwami ndipo ulime. Mimi nakaa kwenye muzigo, chumba kimoja, namlipa mwenye nyumba kila mwezi. Mwenye nyumba ana kibanja tu, mwenye mailo ni mtu mwingine tusiyemjua. Siku mwenye mailo atakapouza, tutajua kwa kuona tingatinga. Katika kitabu cha Mutesa, ardhi ni nchi, ni heshima, ni mababu. Mtu anayelipa kodi ya ardhi hiyo namtafuta bado.

Aside moja, au tuseme neno la pembeni. Wapo watakaouliza ni nani alitupa ruhusa, sisi wageni, kukosoa kitabu cha Kabaka, tena kwa Kiswahili. Swali ni la haki. Kiswahili hapa Kampala kina kumbukumbu ya amri za kijeshi. Askari wengi waliolivamia Lubiri walikitumia kambini, na ni Amin aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mzee wa Kiganda anayefunga uso ukimwamkia "Shikamoo" huenda hakuchukii wewe. Kwa hiyo nimejaribu kuandika polepole. Lakini nadhani tuna haki kidogo, kwa sababu kitabu chenyewe kimeandikwa na mkimbizi.

Ufalme ulirudi mwaka 1993, na mtoto wa Mutesa, Ronald Muwenda Mutebi II, akatawazwa tarehe 31 Julai kule Naggalabi, Buddo. Safari hii karatasi imeandikwa kwa mkono mzito. Kifungu cha 246 cha katiba ya 1995 kinamkubali kiongozi wa jadi, halafu kinasema hatakuwa na madaraka ya kutunga sheria wala ya utawala, hataingia siasa za vyama akiwa kwenye kiti, na hakuna mtu atakayelazimishwa kumtii au kumchangia. Ukisoma kifungu hicho peke yake unadhani Mengo ni jumba la makumbusho. Nenda ukaone. Kuna Lukiiko inayokaa Bulange, kuna mawaziri, kuna Katikkiro, Charles Peter Mayiga tangu 2013, ambaye alizunguka nchi kukusanya michango ya Ettoffaali, na watu walitoa kwa furaha, mpaka wenye kuuza nyanya. Kuna machifu wa masaza 18, wetu wa Kyaddondo anaitwa Kaggo. Kuna redio CBS. Serikali isiyo na polisi wala kodi ya lazima, lakini ukimwambia jirani yangu wa Katwe kwamba si serikali, jiandae kukaa hapo mpaka jioni.

Na mtego wa 1964 haujaondoka. Septemba 2009 Kabaka alitaka kuzuru Kayunga, katika Bugerere. Viongozi wa Banyala, ambao wanasema wana mkuu wao wenyewe, walikataa, na polisi wakamzuia Katikkiro njiani. Kampala ikawaka siku kadhaa, watu wengi wakapigwa risasi, CBS ikafungwa zaidi ya mwaka mzima. Serikali ilifanya kosa la bunduki, kama ilivyozoea. Lakini swali la Banyala lilikuwa lile lile la Buyaga: je, mtu anaweza kuwa ndani ya ufalme wako bila kuwa wako? Kitabu cha Mutesa kingeweza kulijibu. Hakikulijibu.

Sasa kwa nini nimewachosha na haya, ninyi wenye foleni ya posho na nyinyi wenye ripoti za kuandika? Kwa sababu Kampala chama chochote cha wakimbizi kinachotaka kusajiliwa lazima kiwe na katiba. Nimesaidia kuandika tatu. Zote zina mwenyekiti wa miaka miwili, katibu, mhazini, mkutano mkuu. Nakifahamu chama kimoja, sitakitaja, ambacho mkutano mkuu ulipiga kura na mwenyekiti akashindwa wazi, mikono ilihesabiwa mara mbili. Alipoombwa muhuri alisema, "Chama ni changu, mimi ndiye niliyekianzisha, nyinyi mmenikuta." Muhuri alibaki nao. Mwenyekiti mpya ana daftari na wanachama, wa zamani ana muhuri, na shirika moja linalofadhili likaendelea kufanya kazi na mwenye muhuri, kwa sababu barua zake ndizo zilizokuwa zimepigwa muhuri. Wanachama wengi wakaacha kuja. Wachache walimtetea kwa maneno ambayo tuliyakuta tena, karibu yale yale, tulipobishana juu ya Buyaga: baba hawezi kuondolewa na watoto.

Ndugu wa mashirika, mnapoomba nakala ya katiba ya chama mnaiweka faili. Ombeni pia kumbukumbu za mkutano ambao mtu fulani alishindwa. Chama ambacho hakuna mtu amewahi kushindwa, kichunguzeni. Na nyinyi wa kambini mnaochagua viongozi wenu wa RWC, muulizeni mgombea mapema atakabidhi lini na atakabidhi nini, mbele ya nani.

Nikirudi kwenye kitabu. Kisomeni. Sura ya kwanza ni kati ya maandishi bora ya kukimbia niliyowahi kusoma, na sura za uhamisho wa kwanza zinafuata kwa karibu. Zile za historia ya kale someni kwa kalamu mkononi. Mwisho wake ni mtu aliye London akiamini kwamba atarudi kwa watu wake. Alikufa tarehe 21 Novemba 1969 katika fleti ndogo upande wa Rotherhithe, siku mbili baada ya kutimiza miaka 45. Wakuu wa Uingereza walisema ni pombe, na Baganda wengi hawakukubali, hawakubali mpaka leo. Mwaka 1971 mwili wake uliletwa nyumbani na kuzikwa Kasubi kwa heshima zote za serikali. Serikali hiyo ilikuwa ya Idi Amin, yule aliyeongoza askari siku ya ukuta.